Joyita haikuzama

Mwanangu,

Umeniuliza kama watu 25 wa Joyita, ile meli iliyokutwa ikielea Pasifiki bila mtu, walichukuliwa na majini, au wenzako wa botini wanakutisha tu. Habari za majini mpelekee bibi yako, yeye ndiye anayewajua kwa majina. Mimi nitakujibu habari ya bomba.

Chombo kilikuwa cha mbao, urefu kama mita 21, kiliundwa Los Angeles mwaka 1931 kwa starehe za tajiri wa sinema, kikaja kugeuzwa cha kazi na kutiwa vyumba vya baridi. Kiling'oa nanga Apia, Samoa, alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 1955 kwenda visiwa vya Tokelau, safari ya siku mbili, kikitegemea injini moja kwa sababu klachi ya ile nyingine ilikuwa imefunguliwa. Hapo tu mimi ningeshuka. Tarehe 10 Novemba kikaonekana kaskazini mwa Fiji, kimelala ubavu, kinaelea. Mtu hakuna. Mashua yake na maboya yote hayapo.

Sasa sikiliza bomba. Walipokivuta hadi Suva, bandari ya Fiji, wakasikia maji bado yanaingia. Lilikuwa bomba la maji ya bahari ya kupozea injini. Unajua madini mawili tofauti yakigusana kwenye maji ya chumvi, moja humla mwenzake. Bomba likaliwa hivyo mpaka likatoboka. Liko chini ya mbao za sakafu ya chumba cha injini. Maji hujaa ngamani, chini kabisa ya chombo, kimyakimya, na ukija kuyaona juu ya mbao, tundu limeshazama, utalipapasa wapi gizani? Waliwasha pampu, lakini pampu hazikuwa na chujio. Zikanyonya takataka, zikaziba.

Unamkumbuka mjomba wako na lile tambara la kufutia mikono? Usiku kucha pale mbele ya Pangani wanafua maji kwa ndoo, pampu inanguruma bure, asubuhi tambara limetoka limejikunja kama pweza. Mpaka leo nikilitaja ananuna, nami sichoki kulitaja.

Redio nayo ilikuwa kwenye mawimbi ya kuomba msaada, kilohezi 2182, sawasawa kabisa. Ila waya wa antena ulikuwa umekatika na rangi imepakwa juu, macho hayaoni. Sauti haikuweza kufika hata maili tatu. Waliita, nadhani waliita sana.

Nimekwambia tangu unavaa kaptula: chombo kikielea, kaa nacho. Vyumba vile vya baridi vilijazwa gamba la koki, lile jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, linaloelea, kuzuia joto, na chini kulikuwa na mapipa matupu ya mafuta. Kisingezama hata ukitaka. Kwa nini basi washuke?

Lakini ngoja, nasema haya nimekaa barazani. Usiku, injini imekufa, chombo kimelalia upande, watoto wanalia, maji yamefika magotini: nani atakumbuka koki? Nahodha angekumbuka. Miller alikijua chombo chake, na angewazuia. Kwa hiyo nahodha alikuwa wapi? Palikutwa mkoba wa daktari sitahani, na bendeji zenye damu. Tume iliyokaa Apia Februari 1956 iliona bomba, ikaona pampu, lakini watu walikokwenda ikasema ushahidi haulielezi. Ukinibana nitasema aliumia yeye kwanza, waliobaki wakaogopa. Usinibane. Damu ile ingeweza kuwa ya yeyote, na mashua haikupatikana ikatueleza.

Kisha niambie: ile boti mpya mnayoendesha, umeshafunua mbao za sakafu ukatazama mdomo wa pampu? Una chujio, au mmeweka wavu wa jikoni? Viungo vya bomba ni vya shaba tupu au wamechanganya na chuma? Andika kabla ya kaskazi kuanza.

Baba yako