Jibu: Tangu bibi azikwe, nimeshindwa kusali

Pole sana, ndugu yangu. Umesema bibi ndiye aliyekufundisha kusali, na sasa ukipiga magoti unaona kiti chake kitupu tu. Nayajua hayo, mimi baada ya kumzika baba nilikaa miezi kanisani kama mgeni.

Kilichonisaidia kilikuwa kidogo. Nilichukua daftari nikaandika nyakati ambazo imani ya baba ilitikiswa, si zile za ushindi tu. Nawe fanya hivyo kwa bibi: waulize shangazi na majirani, maana wajukuu huwa mnaambiwa mazuri peke yake. Kisha soma Waebrania 11 taratibu, hasa mstari wa 13: walikufa katika imani bila kuzipokea ahadi. Mimi mstari huo ulinishika kuliko mahubiri yote ya msibani.

Wasome pia mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja. Mmoja wao, Kizito, alikuwa kijana wa miaka kama 14, tena amebatizwa siku chache tu kabla. Hakuwa na imani ya miaka sitini kama bibi yako.

Ukishindwa kusali kwa maneno yako, sali yale ya bibi. Si unafiki.

Ila hilo uliloandika la kutolala wiki tatu na kutamani "kumfuata" bibi usilifunge kwenye maombi. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, akusindikize hospitali. Mchungaji unaweza kumwona baadaye.