Kubadilisha bati zilizooza kwenye Beetle ya zamani: anzia chini

Mtu akiniambia amepata Volkswagen Beetle ya miaka ya sabini na anataka kubadilisha bati zilizoliwa na kutu, swali lake la kwanza huwa ni madigadi: atazipata wapi, na kwa bei gani. Lakini madigadi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwenye gari lile. Zote nne zimefungwa kwa bolti. Zinatoka na kurudi bila kuchomelea kitu. Pesa na muda vinaishia kwenye bati ambazo huzioni mpaka ulale chini ya gari. Nakushauri uanzie huko, hata kama rangi ya juu bado inang'aa.

Beetle ina sehemu kuu mbili. Chini kuna sakafu yenye mgongo wa kati, inayobeba injini, giaboksi na miguu ya gari. Juu yake imekalishwa bodi, ikafungwa kwa bolti kuzunguka ukingo wote. Chini ya milango, kila upande, bodi ina mhimili wa bati ulio wazi ndani. Mhimili huo unapitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini nyuma hadi kwenye kioo cha mbele, na papo hapo ndio unaoipa bodi nguvu. Hewa ya moto sisi wa Dodoma tunaweza kuishi bila hiyo, labda asubuhi za Juni na Julai tu. Nguvu ya bodi hatuwezi. Mihimili ikioza, bodi inalegea katikati na milango inaanza kugoma. Ukikuta Beetle inauzwa na mlango wake mpaka uunyanyue kidogo ndipo ufunge, huenda ni bawaba zimechoka, lakini usitoe hela kabla hujapiga magoti ukaangalia chini.

Gari langu lilikaa Tanga miaka mingi kabla ya kupanda bara, na upepo wa bahari ulishafanya kazi yake. Watu husema huku kwetu ni kukavu, kutu haina nafasi. Ni kweli kwa sehemu. Ila vumbi letu linajikusanya ndani ya madigadi na juu ya mihimili, na mvua za Desemba hadi Aprili zikija linageuka tope linaloshika unyevu kwa wiki nzima. Halafu kuna maji ya visima. Maeneo mengi ya Dodoma maji yake yana chumvi, na vijana wanaoosha magari barabarani wanayapiga chini ya gari kwa presha. Nikiosha la kwangu, chini namalizia kwa maji ya mvua niliyovuna au ya bomba yasiyo na chumvi.

Ukaguzi wenyewe unataka bisibisi na sumaku. Sumaku uifunge kitambaa isikwaruze rangi, kisha uitembeze pembeni mwa milango na kuzunguka taa. Pale inapokataa kushika, chini yake kuna puti nene, ule ujazio unaopakwa kuficha mashimo na mabonde ya bati. Bisibisi ni ya kuchokonoa mihimili, sehemu ya kuwekea tairi la spea, na sakafu chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Hapo ndipo betri inapokaa, na asidi yake inakula bati kwa miaka bila mtu kuona. Kwenye gari langu bisibisi iliingia nyuma ya gurudumu la mbele kushoto hadi kwenye mpini, bila kusukumwa. Ilipochomolewa ulimwagika unga wa kahawia, ukafuatiwa na vigae vya puti, na nyuma yake tukaona bati la nyumba, lile la migongo, limegongwa mpaka likanyooka na kupigwa ribiti. Aliyefanya hivyo alimwachia mwenzake hatari, kwa sababu abiria wanakaa juu ya hicho.

Bati la nyumba usilikubali. Ni jembamba mno, na zinki yake ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaoweza kumletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Tumia bati jeusi lisilo na zinki, la milimita 0.8 kwa bodi na kama 1.2 kwa sakafu. Mihimili nunua iliyotengenezwa kiwandani, kwa sababu mikunjo yake ni vigumu kuiiga kwa nyundo. Beetle iliendelea kuundwa Mexico hadi 2003, kwa hiyo vipuri vipya vipo, na wauzaji wa Dar es Salaam wanaagiza na kukupakilia kwenye basi. Ila taja mwaka wa gari na utume picha. Madigadi za mbele za taa zilizolala, za kabla ya mabadiliko ya 1967, hazilingani na zilizofuata, na modeli ya 1303 yenye kioo cha mbele kilichopinda ina mambo yake.

Kabla ya cheche ya kwanza, toa tangi la mafuta. Kwenye Beetle liko mbele, chini ya boneti, na bomba lake linapita ndani ya mgongo wa kati. Toa betri na viti, kwangua ile lami iliyobandikwa sakafuni maana inashika moto, na weka mtu mwenye ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto. Hapa sina mjadala na fundi yeyote.

Kazi hii mtafute fundi bodi mwenye mashine ya mig, inayochomelea kwa waya mwembamba, au aliyeizoea gesi. Fundi wa mageti na madirisha ni hodari kwa kazi yake, lakini fimbo zake za kuchomelea zitatoboa bati la gari. Mimi nilimpata kijana wa mtaa wa Kizota, hapa Dodoma, aliyesomea chuo cha ufundi cha VETA. Naye siku ya kwanza aliniambia, "Bosi, tukate pande zote mbili leo, tumalize haraka." Nikamjibu, "Fundi, upande mmoja kwanza, na mlango usiushushe." Alinielewa tulipofika katikati.

Sababu ni hii. Mhimili wa zamani, hata ukiwa umeoza, bado unashikilia umbo fulani. Ukiikata yote miwili kwa pamoja, bodi inajikunja, na hakuna nyundo itakayoirudisha. Gari likae sawasawa kwenye stendi imara, bodi iendelee kufungwa kwenye sakafu, kisha chomelea bomba la pembe nne kukatiza uwazi wa mlango kwa ndani, lisizuie mlango kufunga, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Kama bodi imeshalegea, inyanyue taratibu kwa jeki mpaka nafasi kati ya mlango na bodi iwe sawa kotekote, ndipo uweke bomba. Kata kutu hadi ufikie bati safi linalong'aa; ukichomelea kwenye bati lililodhoofika, linayeyuka tu. Shikiza mhimili mpya kwa klempu, funga mlango, ufungue, uufunge tena, angalia nafasi. Ukiridhika, piga vidoti vya moto kwa kurukaruka, kimoja huku, kingine kule, ili joto lisikusanyike. Fundi akianza kuvuta mstari mrefu wa moto kwenye bati la milimita 0.8, mzuie palepale, maana litajikunja mbele ya macho yenu.

Bolti za madigadi zilowekwe dizeli au oili ya kulegeza kutu tangu jana yake. Nati zake zimeshikizwa ndani ya bodi, na ukilazimisha zinazunguka huko huko. Ukifunga mpya, usisahau ule mpira mwembamba kati ya madigadi na bodi, unaozuia bati mbili kusuguana.

Ndani ya mihimili pulizia nta ya kuzuia kutu. Wengi wanamwaga oili chafu. Inasaidia kwa muda, lakini inavuta vumbi na kulegeza mipira. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe, na puti isivikaribie. Puti yenyewe isizidi milimita 3, na praima ya epoksi, yaani rangi ya chini, itangulie, kwa kuwa praima ya kawaida inanyonya unyevu. Rangi ipigwe asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, sakafu ya gereji ikiwa imemwagiwa maji.

Malipo kubalianeni kwa hatua: kukata, kuchomelea, praima, rangi. Hela ya praima mimi hutoa baada ya kuwasha tochi ndani ya mhimili, na kufungua na kufunga milango yote miwili kwa kidole kimoja.