Uliza Kwanza Ndipo Upike: Meza ya Sikukuu ya Shukrani Marekani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji, dada aliyeolewa mwaka huu na kijana Mmarekani mweusi mwenye asili ya jimbo la Georgia, ambaye anakwenda kwa wakwe zake kula chakula cha Sikukuu ya Shukrani kwa mara ya kwanza. Ameniuliza swali moja fupi: apike pilau aende nayo, au awaachie wenyewe chakula chao? Swali hilo lingeweza kujibiwa kwa mistari mitatu, lakini limenigusa mahali ambapo bado panauma, kwa hiyo naomba mnivumilie nilijibu kwa urefu.

Nimezaliwa na kukulia Tanga. Mwaka wangu wa kwanza hapa Columbus, Ohio, nilipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na msimamizi wangu akanikaribisha kwao Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo nchi nzima hukaa mezani. Kwetu mtu haendi karamuni mikono mitupu. Niliamka alfajiri, nikapika pilau ya nyama ya ng'ombe, kilo tatu za mchele, vitunguu nikavikaanga mpaka vikashika rangi niipendayo, kisha nikaipakua katika hotipoti kubwa niliyotoka nayo nyumbani na kuifunga kwa kanga isipoe njiani. Mama mwenye nyumba aliipokea kwa tabasamu, akanishukuru, akaenda kuiweka juu ya mashine ya kufulia katika chumba kilicho nyuma ya jiko. Haikutoka tena. Tulikaa watu kumi na mmoja, mabakuli yakapita mkono kwa mkono, sala ikasomwa, pai zikakatwa, na hakuna aliyeuliza habari za hotipoti. Saa nne usiku nilikwenda kuichukua mwenyewe, nikaikuta kanga imefungwa kwa fundo lile lile nililolifunga mimi.

Tangu siku hiyo nimepewa maelezo mengi na marafiki wema: kwamba meza ilikuwa imejaa, kwamba kila bakuli lilikuwa limeshapangiwa mahali pake, kwamba mwenye nyumba hakujua kilichomo ndani. Nayaamini yote. Hata hivyo, nilivyolelewa mimi, chombo cha mgeni hufunguliwa kikatazamwa, na sitaandika hapa kwamba sikuumia, kwa sababu niliumia, na ile pilau niliila peke yangu siku nne.

Kosa langu nililitambua baadaye. Nilidhani nakwenda karamu, kama harusi au maulidi ya kwetu, ambako kila sufuria inayoongezeka ni baraka. Chakula cha Shukrani kina tabia nyingine. Ni chakula cha kumbukumbu, na kila familia hukipika kama ilivyokipika bibi yao, kwa kijiko kile kile cha chumvi, na mtu akibadilisha kitu kimoja watu wazima huhuzunika. Karibu kila meza utamkuta bata mzinga, mchuzi wake mzito, viazi vilivyopondwa, mchanganyiko wa vipande vya mkate na viungo, na sosi nyekundu ya matunda ya kranberi yenye uchachu na utamu pamoja. Lakini mabakuli yanayomzunguka bata huyo ndiyo yanayoeleza familia ilikotoka, na mwaka uliofuata niliamua kujifunza kwa kuuliza. Niliwauliza wenzangu wa zamu mmoja mmoja: ni chakula gani kikikosekana nyumbani kwenu siku hiyo, mtu atalia?

Mwenzangu wa kwanza, mama mweusi ambaye wazazi wake walihamia Ohio kutoka majimbo ya Kusini, hakufikiri hata dakika moja. Alisema ni makaroni ya jibini iliyookwa mpaka juu ikakauka na kuwa kahawia. Kwao mchanganyiko wa bata hufanywa kwa mkate wa mahindi, na mwisho wa chakula huja pai ya viazi vitamu, wala hataki kusikia habari za pai ya boga. Pia hupika majani ya kolad, ambayo ni jamaa wa karibu kabisa wa sukuma wiki, isipokuwa wao huyachemsha saa nyingi pamoja na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Nilipokwenda kwake, alinishika mkono kabla sijapakua, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yale majani yana nguruwe na anajua mimi Mwislamu. Mwaka uliofuata alinikaribisha tena, na nyuma ya sufuria kubwa kulikuwa na sufuria ndogo yenye kipande cha karatasi kilichoandikwa jina langu. Alikuwa amechemsha kolad zangu kando, kwa bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi. Sufuria ile ndogo nitaikumbuka maisha yangu yote, maana ilinifuta machozi ya ile hotipoti.

Mwenzangu mwingine familia yake inatoka Puerto Rico na inaishi Lorain, mji ulio kando ya Ziwa Erie ambao una jamii kubwa ya watu wa kisiwa hicho. Kwao bata mzinga yupo, lakini anayetukuzwa ni mguu wa nguruwe uliookwa taratibu, na pembeni yake wali uliopikwa pamoja na mbaazi. Mguu sikuugusa, lakini mbaazi zilinishangaza. Mtu wa Tanga anazijua mbaazi tangu utotoni, zimeungwa kwa tui la nazi na kuliwa asubuhi na maandazi, na mimi nilikuwa nazitazama katika sahani ya kauri mbele ya theluji ya Ohio, zimepikwa na bibi asiyejua neno moja la Kiswahili. Wapo pia Wamarekani wenye asili ya Italia ambao huanza na lasanya, yaani tambi bapa zilizopangwa matabaka na kuokwa, kabla bata hajaletwa, na mgeni asiyejua hushiba mapema. Bwana mmoja wa Baltimore aliniambia kwamba kwao bata huliwa na kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, desturi iliyoletwa na wahamiaji wa Kijerumani, na kwamba alipohamia Ohio alidhani watu wamesahau kuiweka mezani.

Nawaeleza haya kwa sababu wengi wetu tunaogopa kwamba kuna chakula kimoja halisi cha Kimarekani, na kwamba sisi na mbaazi zetu ni watu wa nje. Hakipo. Mwaka 1621, pale Plymouth, Massachusetts, ambako sikukuu hii husimuliwa kuwa ilianzia, barua ya Edward Winslow, mmoja wa walowezi waliokuwapo, inataja ndege waliowindwa, na inasema kwamba mfalme wa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo lile, Massasoit, alikuja na watu wake wapatao 90, wakawinda na kuleta paa watano. Yaani siku ile ile ya mwanzo kila upande ulikuja na chakula chake. (Si wote wanaoifurahia kumbukumbu hiyo, tangu mwaka 1970 wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuwaomboleza mababu zao, na mgeni mwenye adabu hulijua hilo.) Hata yale wanayoyaita ya tangu zamani si ya zamani sana. Maharage mabichi yaliyookwa kwa supu nzito ya uyoga na kufunikwa kwa vitunguu vya kukaanga yalibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly katika jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell. Kwa hiyo pilau yako ikikaa mezani miaka kumi, nayo itakuwa desturi.

Baada ya kujifunza hayo, nikajiona nimeiva, nikaalika watu kumi na sita kwangu. Hapo ndipo nilipoaibika. Nilinunua bata mzinga wa halali mwenye ratili 18, kama kilo nane, nikamwacha katika friza mpaka Jumatano usiku, nikiamini kwamba atayeyuka barafu upesi kama kuku anavyoyeyuka. Alhamisi asubuhi niliingiza mkono ndani yake ili nitoe ule mfuko wa firigisi na maini wanaouficha humo, vidole vikagonga barafu ngumu kama jiwe. Nilimwaga maji, nikabadilisha maji, nikalia, nikabadilisha tena. Wageni walifika saa tisa alasiri, bata akaiva saa tano usiku, na shemeji yangu mmoja akasema mbele ya watu kwamba wengine tumeyakimbilia mambo ya Wazungu kabla hatujayaweza. Neno hilo lilinikaa kifuani miaka.

Sasa sikilizeni, nami nasema kwa uzoefu. Bata aliyeganda huhitaji saa 24 ndani ya friji kwa kila ratili nne mpaka tano, kwa hiyo wa ratili 18 mtoe friza Jumapili, mweke katika sinia lenye kina chini kabisa ya friji, na usimguse. Ukichelewa, mzamishe katika maji baridi, nusu saa kwa kila ratili, ukibadilisha maji kila nusu saa. Maji ya moto hayafai. Nunua kipimajoto cha nyama, ukichome katika sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, na usimtoe mpaka kisome nyuzi 165 za Fahrenheit, ambazo ni 74 za Selsiasi. Mengine yote ya oveni yameandikwa kwenye mfuko wake.

Lakini ushauri mkubwa zaidi nilipewa na binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa. Kuna mwaka nilipata kiburi nikasema kwamba nyumbani kwangu hatutaweka tena makaroni wala maharage ya supu. Tutakula pilau, kachumbari, sambusa na mbaazi, na bata nitampaka ukwaju na tangawizi. Chakula kilikuwa kizuri mno, nasema bila kujificha. Mtoto alikuwa na miaka saba. Alitazama meza, akaizunguka yote, akaniuliza kwa upole kama Sikukuu ya Shukrani imeahirishwa. Nilimfanyia mwanangu yale yale niliyofanyiwa na mama wa hotipoti: nilikiweka chakula chake nyuma ya jiko. Tangu mwaka huo pilau na makaroni hukaa bega kwa bega, na pai ya boga huiunga binti mwenyewe kwa mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga, na nyumba hunukia kama jiko la mama yangu wakati wa Idi. Wazazi wenzangu, msiwanyang'anye watoto kumbukumbu zao kwa sababu zenu zilidharauliwa. Wala msiache zenu zidharauliwe. Ulizeni, na mkiulizwa jibuni, maana nyumba nyingi za wahamiaji zinaumizana kwa kunyamaza, mke anapika kwa hasira, mume anakula kwa adabu, watoto wanatamani kwa jirani.

Dada wa Georgia, nakurudia wewe. Mpigie mama mkwe simu leo, si Jumatano. Muulize ni chakula gani ambacho mume wako akikikosa ataona hajafika nyumbani, na hicho usikiguse, wala usijitolee kukipika, hasa ikiwa ni makaroni. Mweleze usichokula, bila kuona haya. Kama ni nguruwe, sema mapema ili akutengee majani. Kisha mwambie ungependa kuleta chakula kimoja cha kwenu, umtajie jina lake na kilichomo, na umuulize kitakaa wapi mezani. Ukiuliza hivyo atakipangia nafasi mwenyewe. Pika pilau isiyo na pilipili, sinia moja tu, kwani oveni na meko yatakuwa yamejaa na hutapata pa kupashia moto. Usiifunge kwa kanga mpaka watu wasione kilichomo. Iache ionekane rangi yake. Na beba mwiko wako wa kupakulia, uuchomeke mwenyewe katika pilau pale utakapoitua mezani.