Naoga mara mbili kwa siku na bado kikwapa kinanuka, shida ni nini?

Swali: Daktari, mimi nafanya kazi Industrial Area, naoga asubuhi na jioni lakini ikifika saa nne kikwapa kimeanza, kwa matatu nashindwa hata kushika chuma ya juu. Mimi ni mchafu ama ni ugonjwa?

Jibu: Pole sana kaka, na wewe si mchafu. Jasho likitoka tu halina harufu yoyote ya maana. Kwapani kuna tezi zinaitwa apokrini ambazo huamka mtu akibalehe, ndio maana mtoto wa miaka mitano anaweza kukimbia jua lote na asinuke kikwapa, sasa hizo tezi hutoa majimaji yenye mafuta na protini na bakteria wanaoishi hapo kwa ngozi wakiyala ndio wanatoa ile harufu. Kuoga kunawapunguza tu, baada ya masaa wameshazaana tena.

Sasa niulize, shati ni ya polista? Wengi wanaokuja kwangu shida iko kwa nguo. Polista inashika yale mafuta hata ukifua, inanukia vizuri kwa kamba lakini ukiivaa mwili ukipata joto harufu inarudi palepale, na mtu anadhani ni yeye. Igeuze ndani nje, loweka na siki kidogo kwa maji kabla ya sabuni, anika juani, na ukienda soko la mitumba la Gikomba tafuta nguo za pamba.

Rolon nayo soma chupa. Diodoranti inapigana na harufu peke yake, ya kupunguza jasho ni ile yenye aluminiamu, na hiyo unapaka usiku kwapa likiwa kavu kabisa, kwa sababu usiku jasho ni kidogo na dawa inapata nafasi ya kuziba vile vishimo vya kutolea jasho, asubuhi unaoga kawaida na bado inafanya kazi. Punguza nywele za kwapa pia. Ikikataa, uliza chemisti dawa ya kuoshea ya benzoili paroksaidi, acha dakika mbili hivi halafu suuza vizuri sana maana inababua rangi ya taulo na nguo.

Ndimu na magadi tafadhali achana nazo, nimeona makwapa yameungua vibaya.

Lakini harufu ikibadilika ghafla, ama inanuka kama samaki na haitoki, ama unalowa jasho usiku na unakonda, hapo usingoje, enda hospitali upimwe wiki hii.