Misemo ya muda ya Kiingereza: jifunze na urefu wake

Tangu wizara zihamie Mtumba, Kiingereza cha barua kimekuwa kazi ya kila siku hapa Dodoma. Vijana ninaowasaidia, wa maofisini na wa biashara ya zabibu, sarufi wanaiweza vizuri. Kinachowakwamisha ni misemo ya muda. Mtu anakutana na "donkey's years" anabaki kujiuliza punda kaingiaje.

Ninachowashauri ni kuandika kila msemo daftarini pamoja na urefu wake, na aina ya mtu unayeweza kumwambia. Maana peke yake haitoshi.

Chukua "fortnight". Hiyo ni wiki mbili kamili, maana asili yake ni usiku 14. Mwingereza analitumia hata kwenye barua rasmi, ila Mmarekani ni nadra kumsikia nalo. "A couple of weeks" nayo utaambiwa ni wiki mbili, lakini kwa wengine ni wiki mbili tatu hivi, na mkulima wa Hombolo mwenye zabibu zilizoiva hawezi kubahatisha hapo. Kijana mmoja alinionyesha ujumbe wa mnunuzi kwenye simu, kwamba lori lingefika "in a couple of weeks". Tukamjibu kwa sentensi moja: tukataja tarehe, tukauliza kama ndiyo hiyo. Akaleta nyingine, karibu wiki nzima mbele. Kijana akawapigia wavunaji palepale wapange upya.

"Biweekly" usiliguse kabisa kwenye ratiba ya vikao. Kamusi zinakubali yote mawili, mara mbili kwa wiki na mara moja kila wiki mbili. Andika "every two weeks", umemaliza.

Ninaoupenda kuliko yote ni "at the eleventh hour", yaani dakika za mwisho kabisa. Mwingereza wa leo akitazama saa yake, kumi na moja ni kabla ya adhuhuri, haoni uhusiano. Sisi tunauona mara moja. Kwenye Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu anaajiri vibarua hadi saa kumi na moja, na hao wa mwisho wanafanya kazi saa moja tu kabla ya jioni. Siku ile ilihesabiwa kuanzia asubuhi, kama tunavyohesabu sisi. Mwanafunzi wa Kiswahili akielezwa hivyo hausahau tena.

"Once in a blue moon" ni mara chache sana. Wapo wanaouita hivyo mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na huo hutokea kila baada ya miaka miwili na ushee, lakini anayeusema msemo huu hahesabu chochote. "Donkey's years" ni miaka nenda rudi. Mwambie rafiki mliyepotezana. Katibu mkuu mwandikie "for many years".

Kisha kuna "a while", ambayo haina urefu wowote. Ofisini ukiambiwa mhusika atarudi "in a while", inaweza kuwa robo saa au mchana kutwa. Uliza kwa upole, "Shall I wait, or come back tomorrow?" Hujamlazimisha mtu kutaja dakika, na utajua kama ukae au uwahi daladala ya kurudi mjini.