Stelingi gani anapigwa kabla hatujakaa vizuri?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Superman mpya, ulipe kiingilio au usubiri uione nyumbani?" Hilo ni swali la hela na jibu lake ni fupi, nitalifikia. Linaloniwasha mimi ni jingine. Tangu lini stelingi akapigwa kabla watu hawajakaa kwenye viti?

Maana ndivyo picha hii ya James Gunn, iliyotoka Julai 2025, inavyoanza. (Wamarekani wanaiita picha ya kiangazi, sisi huku tumevaa masweta.) Maandishi yanapita kutujulisha kwamba dakika tatu zilizopita Superman ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza. Halafu huyo anaporomoka toka angani, anajibwaga kwenye theluji ya Antaktika, damu mdomoni, na anapiga mluzi aje kuokolewa na mbwa. Mbwa mwenyewe hana adabu, anamrukia juu ya mbavu zilizovunjika. Mtoto wa dada yangu alicheka mpaka akamwaga bisi. Mimi sikucheka. Sisi tuliokulia kwenye picha za karate na za Kihindi tunaijua kanuni: stelingi ataonewa, atauliwa mwalimu wake, atachomewa nyumba, lakini hafi, na kipigo chake kina sehemu yake. Sehemu hiyo si mwanzoni.

Superman wangu mimi ni Christopher Reeve, yule wa picha ya 1978, ambayo huku ilitufikia kwa kuchelewa kama kila kitu enzi hizo. Nilimwona Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Ilikuwa Jumamosi, kwa sababu Jumapili mchana magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, wenye umri wangu mnakumbuka. Mzee alikuwa na pikapu ya Peugeot 404. Aliiegesha kinyumenyume, bodi ikaelekea kwenye skrini, sisi watoto tukakaa juu ya mkeka pamoja na mama na shangazi, sufuria ya pilau imefungwa kwa khanga. Kile kispika cha chuma kilitolewa kwenye nguzo yake kikaning'inizwa ubavuni mwa gari. Kilikuwa kinakoroma, na Kiingereza chenyewe hatukijui, basi kaka yetu mkubwa akawa mkalimani. Nusu ya tafsiri ile aliitunga, nina hakika. Alituambia adui, Luthor, anagombania viwanja. Nilipokuja kuiona tena ukubwani nikakuta hapo hakukosea hata kidogo: Luthor amenunua jangwa, anataka California izame baharini ili viwanja vyake viwe vya ufukweni. Sisi wa Dar hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa mzee alikuwa na ugonjwa mmoja, haoni mwisho wa picha. Akihisi inakaribia kuisha tu, anawasha gari ili asikwame kwenye foleni ya kutoka. Tetemeko likaja, ardhi ikapasuka, gari la Lois Lane, yule mwandishi wa habari anayependwa na Superman, likazama kwenye ufa na udongo ukamfunika akiwa ndani. Superman akafika, akamtoa, ameshakufa. Akapiga ule ukelele. Hapo hapo nikasikia injini ya Peugeot. Mama akagonga bati la kabini, shangazi naye akagonga, sisi tukaangua kilio. Mzee hakusikia, au alisikia akaamua. Gari likaondoka tukiwa tumegeukia nyuma, Superman anapaa, anakuwa nukta, kisha geti. Njiani kaka akatueleza kwamba amekwenda kumzika mbinguni. Nikaamini. Nilimlilia Lois Lane mpaka nikawa na usingizi wa mang'amung'amu, na kwa miaka mingi ukinitajia Superman mimi nilikuwa nafikiria msiba.

Nikiwa sekondari ndipo nikaiona yote kwenye deki ya jirani. Kumbe jamaa aliruka akaizunguka dunia mpaka wakati ukarudi nyuma, na Lois yuko hai, anagombana na gari lililozimika. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikasirika kama mtu aliyeibiwa.

Ndiyo maana huyu mpya, David Corenswet, amenivuruga. Kuna muuza falafeli humu anaitwa Malik. Kosa lake ni kumsaidia Superman kuinuka kutoka kwenye shimo alilotupwa. Luthor (Nicholas Hoult, na kijana ameitendea haki) anamkamata, anamweka mbele ya Superman aliyefungiwa na hana nguvu, na anamuua kwa bastola. Nikakaa kusubiri dunia izungushwe. Hakuna aliyeizungusha. Malik amekufa na amebaki amekufa, na Superman anatoka mle gerezani akiwa anajua hivyo. Kipigo cha mwanzo nikaanza kukiona kwa jicho jingine, ingawa bado nasema kingeweza kungoja robo saa.

Halafu kuna Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, anayecheza Mister Terrific, shujaa mwenzake Superman. Mwaka 2011 kwenye picha ya X-Men: First Class walimuua mapema, hata jasho halijamtoka. Safari hii amepewa kambi nzima ya walinzi wa Luthor. Anamfungia Lois ndani ya kiputo cha mwanga, anaachia vile vitufe vyake vya duara vinavyoruka vyenyewe, na anawalaza wote huku uso wake haubadiliki. Kama mtu anayesubiri chenji dukani.

Kindi? Ndiyo, wakati jitu linabomoa mji Superman anaacha kazi kwenda kumwokoa kindi. Nikanong'ona kwamba huu sasa ni utoto. Mpwa wangu akanigeukia, "Mjomba, kwani kindi amekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Basi jibu la swali lenu: msilipe. Ule ulimwengu wa mfukoni wa Luthor, ndimo lilimo lile gereza, ni fujo ya rangi tu, kwenye televisheni ya nyumbani unatosha na hauumizi macho. Hata nyani wake wanaoandika matusi mtandaoni watachekesha vilevile ukiwa sebuleni. Ila kama una mtoto aliyevuka miaka kumi, lipa, na ukae karibu naye inapofika sehemu ya Malik. Mdogo zaidi ya hapo mwache kwanza. Na kama ukumbi wa kwenu una siku ya bei nafuu, nenda siku hiyo, na usinyanyuke mpaka majina yote yapite, kuna kipande cha Superman na Terrific wakibishania jengo lililopasuka, likaunganishwa tena na likapishana kidogo. Mimi Jumanne narudi, lakini hilo lisihesabiwe kuwa ushauri.

Msomaji wenu,
Mwananyamala, Dar es Salaam