Mkuu usinunue kitako cha plastiki, hicho cha mbao kinarudi

Mkuu umesema umenunua Ruger 10/22 iliyotumika, ile bunduki ndefu ndogo ya .22, chuma kiko poa ila mbao ya kitako (ule mwili wa mbao unaobeba chuma) imechubuka kama meza ya baa, unauliza utupe kitako ununue cha plastiki au kinatengenezeka kwa chini ya dola 50. Kinatengenezeka. Niko huku Texas mwaka wa sita, yangu ilikuwa hivyohivyo na ilinila kama dola 35, pasi niliiba ya wife.

Kwanza toa magazini ya risasi, vuta boliti, chungulia chemba (pale risasi inapokaa) na uingize kidole, usiamini macho tu. Toa ile pete ya mbele inayoshika mtutu, fungua skrubu moja ya chini, halafu hapa ndo watu wanakwama: kitufe cha sefti, kile cha kufunga bunduki isifyatuke, kiweke katikati, kisiwe kulia wala kushoto, la sivyo chuma hakitoki na ukilazimisha unang'oa kipande cha mbao.

Usianze na msasa. Nimelelewa Keko kwa mjomba fundi fenicha, ukianza kupiga msasa juu ya vanishi alikuwa anakunyang'anya, maana msasa unaziba dakika mbili tu na hela imeenda. Paka dawa ya kutoa vanishi, subiri ivimbe, kwangua na kadi ya benki iliyoekspaya. Mbao ikiwa uchi ndo unaleta pasi: kitambaa chenye maji juu ya sehemu iliyobonyea, gusa na pasi ya moto, tsss, mbao inavimba inarudi. Ila palipokatika hapavimbi, hapo usijisumbue.

Msasa 120, 220, 320, kufuata nyuzi. Kile kibao cha plastiki cha nyuma kinachokaa begani kiache kimefungwa usije ukaviringisha kingo, na pale mbao inapokutana na chuma pitia kidogo sana, ukizidisha chuma kinabaki juu ya mbao na hapo hakuna dawa. Halafu futa na maji, vinyweleo vitasimama, vikikauka rudia 320.

Sasa rangi, hapa nililia. Hizi bunduki zipo tangu 1964, za mwanzo zilikuwa walnati, mbao ya kahawia, baadaye wakahamia bachi, mti mweupe unaokunywa rangi kwa upendeleo, huku inazama huku inakataa, upande wa kushoto wangu ukatoka madoa kama twiga ikabidi nipige msasa upya jumapili nzima. Mara ya pili nilipaka kwanza shelaki (vanishi ya spiriti) nyepeesi kama maji, ikakauka, ndo nikaleta rangi, na rangi yenyewe nimeipunguza nguvu. Ikatulia.

Kubadilisha muonekano sikununua kitu. Mwenye nayo wa kwanza alitoboa tundu la mkanda ovyo, limekaa upande upande, na mimi nilikuwa na kinyago cha mpingo cha Mwenge kilichovunjika mkono kwenye begi la ndege, basi huo mkono nikauchonga kijiti duara, nikaufuta na asetoni kwanza maana mpingo una mafuta gundi haishiki, nikaugonga ndani ya tundu na gundi ya epoksi, nikakata usawa wa mbao. Kidoti cheusi tii, jamaa wa renji ya kulenga shabaha wote wanauliza hiyo nini.

Mwisho Tru-Oil, mafuta ya kumalizia mbao za bunduki, chupa ndogo inatosha na inabaki. Paka kwa kidole, tone moja sehemu kubwa kama kiganja, sugua mpaka pawe pa moto, acha mpaka kesho, pitisha stiliwaya laini ya sifuri nne, 0000 (sio ya masufuria jamani), rudia. Mimi mara nane. Ukipaka nene inabaki inanata wiki mbili na vumbi lote la gereji ni lako. Vitambaa vya hayo mafuta usivikunje ukatupa kwenye ndoo, vinajipasha moto vyenyewe vinawaka, vitandaze nje au loweka kwenye maji.

Ukishatoa vanishi weka picha hapa tuone, kama ni walnati rangi achana nayo kabisa, mafuta peke yake.